Sikio la Nani? Ladha na Hukumu ya Sauti ya Iafoni

Mhadhara wa wazi kwa wanafunzi wa muziki na ufundi wa sauti



Mwulize muuzaji wa vifaa vya simu, awe Kariakoo au Barabara ya Luthuli kule Nairobi, iafoni ipi ina sauti nzuri, naye hatasita: chukua hii, ina besi. Mwulize rafiki yako swali hilohilo, atakwambia jaribu mwenyewe, kila mtu na ladha yake. Majibu haya mawili ndiyo yaliyonileta mbele yenu. La kwanza linadhani sauti nzuri ni moja na muuzaji anaijua. La pili linadhani hakuna sauti nzuri wala mbaya, kuna apendaye na asiyependa tu. Mimi nasema yote mawili yanatudhulumu. Ladha ipo, ina nguvu, na ina haki yake. Lakini sehemu kubwa ya tunachokiita ladha si ladha hata kidogo. Ni umbo la sikio, ni kipira kilichokaa vibaya, ni sauti iliyofunguliwa zaidi, ni bei iliyoonwa kabla wimbo haujaanza, ni redio iliyotulea. Tukiyatenga hayo moja moja, ladha inayobaki ni ndogo kuliko tulivyozoea kudai, na hiyo iliyobaki ndiyo ninayoitetea leo.

Kwa iafoni nakusudia zile hedifoni ndogo zenye kipira cha silikoni au cha sponji, zinazoingia ndani ya tundu la sikio na kuliziba, ziwe za waya au za blututhi. Zile kubwa zinazofunika sikio lote nitazigusa pale tu zinapotusaidia.

Nianze na mwili, kwa sababu huko ndiko tunakosahau zaidi.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa takriban sentimita 2.5 kutoka mlangoni hadi kwenye kiwambo. Ni bomba fupi, wazi upande mmoja, limezibwa upande wa pili, na hewa iliyomo ndani yake huvuma kwa masafa yake yenyewe kama inavyovuma hewa ya ndani ya filimbi. Kwa urefu huo, mvumo unaangukia karibu na hezi 3,000. Kila sauti itokayo nje, iwe ya mama anayekuita uani au ya zumari harusini, ikipita hapo hupandishwa kwa desibeli 10 au zaidi kabla haijagusa kiwambo. Hatuitambui nyongeza hiyo, maana hatujapata kuisikia dunia bila hiyo. Mikunjo ya sikio la nje nayo huichonga sauti, na kichwa, na mabega. Ubongo wa kila mmoja wetu umezoea dunia iliyochongwa na mwili wake mwenyewe, wala hakuna aliyewahi kuazima masikio ya mwenzake kwa siku moja ili alinganishe.

Sasa chomeka iafoni. Mikunjo ya nje imerukwa. Bomba limezibwa pande zote mbili na mvumo wake wa asili umehama. Aliyeisanifu iafoni hana budi kukirudisha kwa makusudi kile alichokiondoa: azipandishe sauti za karibu na hezi 3,000 ili mwimbaji asisikike kama anaimbia ndani ya mtungi. Azipandishe kiasi gani? Kwa sikio la nani? Mkononi anacho kifaa cha chuma kilichotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60318-4, kinachoiga sikio la mtu mzima wa wastani. Lakini mtu wa wastani haji dukani. Anakuja mwenye tundu jembamba, na mwenye tundu pana lililopinda, na mwenye sikio la kushoto lisilofanana na la kulia. Kipira kikizama ndani zaidi, kilele cha sauti nyembamba za juu hupanda na kukimbilia mahali ambapo masikio mengi hayasikii sana. Kikibaki mlangoni, kilele hicho hushuka, na kinaweza kuangukia palepale zinapoishi "s" na "sh" za mwimbaji, nazo Kiswahili kinazo tele. Wa kwanza atasema sauti ni nyororo. Wa pili, na iafoni ileile, atasema inachoma. Wote wawili wanasema kweli tupu, na hakuna kati yao aliyekwisha kututajia ladha yake.

Kuna jambo dogo kuliko hilo, lenye madhara makubwa kuliko hilo. Besi ya iafoni huzaliwa katika hewa iliyofungiwa kati ya kipira na kiwambo. Ukiachwa upenyo mdogo tu, hewa hiyo haifungiki tena, na sauti nzito hutoroka. Upungufu unaweza kupita desibeli 10 kwenye sauti nzito za chini kabisa, ambao ni mkubwa kuliko tofauti iliyopo kati ya iafoni nyingi za chapa mbalimbali. Boksi huja na vipira vya saizi tatu, lakini wanunuzi wengi hubaki na vile vya kati vilivyokuja vimevalishwa tayari. Vile viwili vingine hubaki kwenye kijifuko chake mpaka boksi litupwe. Nimewasikia vijana wenye masikio mazuri wakiishutumu iafoni kwamba ni kavu, haina uhai, haina chini. Wakabadilishiwa kipira wakanyamaza, kisha wakaomba wimbo urudiwe. Ukifikiria ni maoni mangapi ya watu kuhusu iafoni yametolewa na kipira kisichowatosha, unapata huzuni. Ndiyo maana kwenye darasa langu hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kutoa neno lolote kuhusu sauti kabla hajajaribu saizi zote.

Jambo la tatu ni ukubwa wa sauti. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Maabara za Bell nchini Marekani walionyesha kwamba sikio halizipokei sauti zote kwa usawa, na kwamba kutokuwa sawa huko hubadilika kadiri sauti inavyopandishwa au kushushwa. Kwa kipimo cha kimataifa kilichotokana na kazi ya namna hiyo, sauti ya hezi 1,000 ikiwa na desibeli 40, ile ya hezi 100 inahitaji kupita desibeli 60 ili msikilizaji aseme zinalingana. Pandisha muziki, na pengo hilo hupungua. Besi inajitokeza, wimbo unajaa. Kwa hiyo iafoni ileile ni nyembamba usiku wa manane unaposikiliza polepole ili usiamshe mtoto, na ni nene mchana. Muuzaji anajua, hata kama hajasikia habari za Fletcher: ile anayotaka uinunue huipiga kwa nguvu zaidi. Wala haihitaji nguvu nyingi. Tofauti isiyofika desibeli moja, ambayo msikilizaji haitambui kuwa ni ongezeko la sauti, huihisi kuwa ni ongezeko la uzuri.

Na mahali pa kusikilizia pana neno lake. Ngurumo ya injini ya daladala imejaa sauti nzito, na sauti nzito za nje huzimeza sauti nzito za muziki. Abiria anayetoka Gongo la Mboto kwenda mjini huhitaji besi zaidi njiani kuliko atakayoihitaji kitandani, hali ni mtu yuleyule na wimbo uleule. Aulizwe wapi, basi, ladha yake?

Macho nayo husikia. Floyd Toole, ambaye alikuwa ametafiti sauti kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, na Sean Olive, mwenzake, walichapisha mwaka 1994 jaribio la wafanyakazi 40 wa kampuni ya spika ya Harman waliosikiliza spika nne, mara wakiziona, mara pazia likizificha. Walipoziona, spika kubwa za gharama zilipata alama za juu, na ile ndogo ya plastiki ya bei nafuu ikadharauliwa. Pazia liliposhuka, ile ndogo ikapanda. Zaidi ya hapo, macho yalipokuwa wazi watu walishindwa kuyatambua mabadiliko ya kweli, kwa mfano spika inapohamishwa mahali pengine chumbani, ambayo pazia likiwapo waliyatambua vizuri. Akipenda, chongo huita kengeza, na hapa waliopenda hawakuwa wapita njia, walikuwa watu wa kazi hiyohiyo.

Bei ninaipita haraka, maana ushahidi wake uko wazi. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, zikiwamo za kuingiza sikioni, akatafuta uhusiano kati ya bei na mgawanyo wa sauti nzito, za kati na nyembamba. Hakuupata. Pesa hununua ganda imara, betri, kipaza sauti cha simu, kuzima kelele. Mwenye shilingi chache asiingie kwenye mazungumzo haya akiwa ameinamisha kichwa.

Sasa nifike kwenye mazoea, ambayo nayaona kuwa mlango halisi wa ladha. Robert Zajonc, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, bila faida nyingine yoyote, humfanya mtu akipende zaidi. Kwenye sauti jambo hili lina nguvu kubwa. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti walioufanya kwa Watsimane wa misitu ya Amazon nchini Bolivia, watu ambao hawajazoea muziki wa Magharibi. Sauti mbili zinazopatana na sauti mbili zinazokwaruzana, kwa sikio la Kizungu, waliziona zinapendeza sawasawa. Masikio yao hayakuwa na kasoro, walizitofautisha vizuri. Walichokosa ni ule upendo wa zile zinazopatana, ambao wengi walidhani binadamu huzaliwa nao. Ikiwa hata jambo la msingi kama hilo hufundishwa na mazingira, sembuse kiasi cha besi.

Fikirini vizazi vyetu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, aliporekodiwa Bombay mwaka 1928, santuri za wakati ule zilibeba kidogo sana cha sauti nzito na kidogo sana cha zile nyembamba za juu kabisa. Kilichofika Unguja na kuzungushwa mabarazani kilikuwa katikati: koo la mwimbaji, fidla, udi. Baada ya hapo zikaja redio za masafa ya kati na mafupi, ambazo nazo zilizikata sauti za juu. Watu waliolelewa na sauti hiyo walijifunza kwamba muziki ni mahali anaposimama mwimbaji, na ala zote humzunguka. Mzee wa namna hiyo ukimvalisha iafoni ya leo iliyojazwa besi, atakwambia muziki umezama majini. Usimsahihishe. Anasema jambo la maana: kile alichofundishwa kukitafuta kimefunikwa.

Mjukuu wake amelelewa na vitu vingine. Amelelewa na spika za matatu, na sherehe za mtaani, na ngoma nzito za amapiano kutoka Afrika Kusini zinazosikika kwa kifua kabla ya sikio. Hapa kuna jambo la kimwili pia: iafoni haitikisi kifua. Inapeleka besi kwenye kiwambo peke yake, na mwili mzima uliozoea kutikiswa unaona pengo. Nadhani sehemu ya kiu ya vijana ya besi kwenye iafoni ni kiu ya kifua, na ni haki yao.

Lakini hata vijana wasiwekwe kapu moja. Singeli, iliyozaliwa kwenye mitaa ya Uswahilini Dar es Salaam, hukimbia kwa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Besi iliyovimba, inayochelewa kunyamaza, huyabandika mapigo hayo yakawa ngurumo moja, na kinachopotea ni kasi, ambayo ndiyo singeli yenyewe. Anayeipenda singeli hutaka besi kavu, inayopiga na kuondoka. Anayependa amapiano huridhika na ile inayokaa na kutanuka. Mpenzi wa rumba ya Kongo, sebene ikianza, anataka kulisikia gitaa la solo limetengana na la mi-solo, na kazi hiyo iko katikati na juu kidogo. Mpenzi wa taarabu anaingoja kanuni, nyuzi zake ziking'ara bila kukwaruza. Mtu akisema iafoni fulani ni mbaya bila kusema alisikilizia wimbo gani, ametoa nusu ya sentensi.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Iafoni mpya yenye sauti za juu zilizonolewa hukushangaza siku ya kwanza, kwa sababu unasikia pumzi ya mwimbaji na vidole kwenye nyuzi. Wiki ya pili masikio yamechoka na huijui sababu. Kinyume chake hutokea pia: iafoni iliyotulia huonekana butu mwanzoni, kisha ukiizoea, ile ya zamani ndiyo inayoonekana imepotoka. Wauzaji husema iafoni huhitaji kupigwa kwa saa nyingi ili ifunguke. Naamini anayefunguka hasa ni msikilizaji. Kwa sababu hiyo sithamini sana hukumu ya siku ya kwanza, iwe ya sifa au ya lawama.

Hadi hapa mtu anaweza kusema: basi mwalimu, umethibitisha kwamba kila mtu na lake. Hapana, na hapa naomba mnisikilize kwa makini zaidi.

Kwa miaka mingi watengenezaji walikuwa na nadharia zao kuhusu sauti sahihi. Mead Killion na kampuni yake ya Etymotic Research, Illinois, walitoa mwaka 1991 iafoni ya ER-4, iliyosanifiwa ili kiwambo kipokee sauti kama ingekuwa imetoka pande zote za chumba. Wapo walioiona kuwa ndiyo ukweli wenyewe, na bado wapo. Wapo walioiona nyembamba, isiyo na besi ya kutosha. Mabishano hayo yangeweza kuendelea milele, maana kila upande ulikuwa na masikio yake.

Kuanzia mwaka 2012 Sean Olive na Todd Welti, na baadaye Omid Khonsaripour, wakiwa Harman, walianza kuwauliza wasikilizaji badala ya kuziuliza nadharia. Kikwazo kilikuwa kwamba iafoni haifichiki kwa pazia: ukiivaa unaihisi, na ukiihisi umeshaitambua. Ufumbuzi wao ulikuwa wa werevu mkubwa. Walizipima iafoni nyingi, kisha wakaichukua moja peke yake na kuirekebisha kwa kompyuta ili iige sauti ya kila mojawapo. Msikilizaji alivaa kitu kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichobadilika kilikuwa sauti tu. Kipira kilekile, uzito uleule, hakuna chapa, hakuna bei.

Katika moja ya majaribio yao ya mwanzo ya hedifoni walishirikisha wasikilizaji 238 kutoka Kanada, Marekani, Ujerumani na China. Mtu angetarajia kila nchi ije na ladha yake. Haikuwa hivyo. Katika nchi zote nne watu waliegemea sauti ya aina moja: laini, isiyo na mabonde na vilele vya ghafla, yenye besi iliyoinuliwa kiasi, karibu na ile ambayo spika nzuri hutoa ndani ya chumba cha kawaida. Umri ndio uliotia tofauti iliyo wazi. Na mwaka 2019, walipowagawa wasikilizaji wao kwa kile walichokipenda, walipata makundi matatu. Asilimia 64 walipenda sauti hiyo ya kati. Asilimia 15 walitaka besi zaidi, kati ya desibeli 3 na 6. Asilimia 21 walitaka besi pungufu, desibeli 2 hadi 3. Kundi hili la mwisho lilikuwa na wanawake na wazee wengi kuliko wingi wao katika jaribio lote.

Nimezitazama namba hizi kwa muda mrefu, na zinanifundisha mambo ambayo majibu mawili ya dukani hayayasemi. Zaidi ya theluthi ya watu hawakuwa na ladha ya wengi, kwa hiyo anayesema sauti nzuri ni moja amemfukuza mtu mmoja kati ya kila watatu. Lakini tazameni walichotofautiana. Walitofautiana hasa juu ya kiasi cha besi, kwa desibeli chache. Sauti iliyochongoka, yenye mwimbaji aliyezibwa pua au upatu unaokwaruza kama bati, haikuwa na kundi lake la kuitetea. Ladha, ikishavuliwa macho na bei na kipira, huzunguka ndani ya uwanja usio mpana. Anayetengeneza iafoni mbovu na kujikinga kwa msemo wa kila mtu na ladha yake anaitumia heshima yetu kwa watu kuficha kazi mbaya.

Niongeze tahadhari. Utafiti huu umegharimiwa na kampuni yenye chapa za JBL na AKG, ambayo tangu 2017 inamilikiwa na Samsung. Umechapishwa wazi na mbinu zake zimeelezwa, nami nauamini kwa kiasi kikubwa. Lakini nchi zile nne ni nne. Afrika haimo. Na wimbo kama "Fast Car" wa Tracy Chapman, ambao umetumika sana katika majaribio ya akina Olive na Toole, ni wimbo mzuri wa kupimia, lakini si kanuni, si sebene, si singeli.

Toole ameeleza pia jambo aliloliita mzunguko wa mkanganyiko: fundi wa studio huuhukumu wimbo kwa spika zake, kisha sisi tunazihukumu spika zetu kwa wimbo ule, wala hakuna anayejua kosa limeanzia wapi. Ninyi mafundi wa kesho mko ndani ya mzunguko huo. Ukiuchanganya wimbo kwa kusikilizia iafoni iliyojaa besi, utaipunguza besi ya wimbo. Mwenye iafoni iliyotulia atausikia mwembamba, naye atailaumu iafoni yake. Mkiwa na shaka, sikilizeni kwa vifaa zaidi ya kimoja kabla hamjaupeleka wimbo redioni.

Kuna jambo moja linalotenganisha ujuzi na ladha, na wanafunzi hulichanganya. Mwaka 2003 Olive alichapisha jaribio la spika lenye wasikilizaji 268, waliofunzwa na wasiofunzwa. Walichokipenda kilikuwa kilekile kwa jumla. Waliofunzwa walitofautiana na wasiofunzwa kwa uthabiti: ukiwaletea sauti ileile tena, waliipa alama zilezile, na walitenganisha nzuri na mbaya kwa uwazi zaidi. Mafunzo mnayoyapata hapa hayawapi haki ya kumdharau dereva wa bodaboda anayependa besi. Yanawapa uwezo wa kumweleza ni ipi aichukue.

Ndipo nasema anayehukumu iafoni mbele ya umma ana deni kwa wasomaji na wasikilizaji wake. Aseme umri wake. Akishapita miaka hamsini, sauti nyembamba za juu zimeshaanza kumtoka, na iafoni anayoiona tulivu inaweza kumchoma msichana wa miaka kumi na minane. Aseme ametumia kipira gani, alikuwa amezoea iafoni ipi kabla ya hii, amesikilizia nyimbo gani na wapi, polepole au kwa nguvu. Kisha atupe hukumu yake bila woga, nasi tutajua kuisoma. Na aseme neno kuhusu afya ya masikio, maana Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa sababu ya kusikiliza kwa namna isiyo salama, na kiwango linachopendekeza kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Kipira kinachoziba vizuri humwezesha mtu kushusha sauti garini na bado aipate besi yake. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tuhangaike na vipira.

Naomba sasa niwape kazi. Mbinu ya Olive ya kuirekebisha iafoni moja ili iwe nyingi haihitaji maabara ya California ili tuanze nayo kwa udogo. Chukueni iafoni moja iliyotulia na programu ya ikwalaiza kwenye simu. Tengenezeni mipangilio mitatu: kama ilivyo, besi imepandishwa desibeli 4, besi imeshushwa desibeli 3. Sawazisheni ukubwa wa sauti wa mipangilio hiyo kabla ya kuanza, la sivyo mtakuwa mnapima nguvu na si ladha. Anayebadilisha mipangilio akae nyuma ya msikilizaji, asiseme neno, na mpangilio uleule urudi zaidi ya mara moja ili tuone kama mtu anachagua au anabahatisha. Nyimbo ziwe za kwetu: taarabu ya kanuni na fidla, singeli, rumba yenye sebene ndefu, kwaya, kaswida ya dufu. Andikeni umri, jinsia, kazi ya msikilizaji na muziki aliokulia. Kila msikilizaji apimwe kipira kwanza.

Napendekeza muanze na wazee. Vijana wataulizwa tu, maana wao ndio soko na kila mtengenezaji anawafuata. Mwanamke wa miaka sabini aliyekulia kwenye taarabu ya santuri na redio ya mbao ana sikio ambalo halikuwamo katika jaribio lolote kati ya haya niliyoyataja, na hatutakuwa naye kwa muda mrefu wa kumwuliza. Mkimpata, mpeni kiti kizuri, msimharakishe, na muandike majibu yake kwa maneno yake mwenyewe pamoja na alama. Orodha ya majina ya watakaoifanya kazi hii naifungua mara tu baada ya maswali.